Jua Likizama Niko Njiani

Ijumaa, 6 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila mama amechoka sana. Tangu jana hajameza kitu, anapumua kwa taabu, na macho hayaoni tena. Zahanati wamesema apelekwe hospitali kubwa leo hii. Njoo na gari, kaka. Nimeshamvalisha.

Mdogo wako

Ijumaa, 6 Machi, jioni

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, mama mpe pole. Ujumbe wako nimeuona jua limeshazama. Sabato imeingia, siwezi kuwasha gari. Juzi tu mimi mwenyewe, mzee wa kanisa, nilimtenga yule fundi seremala, jirani yenu, kwa kupakia mbao siku ya Sabato. Leo nikionekana barabarani nitauweka wapi uso wangu? Kuchoka si kufa. Mpe uji mwepesi, mwombee. Kesho jua likizama niko njiani.

Kaka yako

Jumapili, 15 Machi

Kaka,

Shikamoo. Hujambo? Mazishini sikukusemesha, na wala hukuuliza kwa nini.

Neno "amechoka" ulilielewa vizuri sana. Hata baba alipokuwa akikata roho tulisema amechoka. Usijifiche hapo.

Jumamosi asubuhi nilimfuata huyohuyo fundi wako. Alishusha mbao zake haraka haraka, akawasha pikapu hata viatu hajavaa. Nilimpakata mama kiti cha mbele. Akauliza, "Ni mwanangu anayeendesha?" Nikasema ndiye. Nilidanganya, na sijutii. Akanyoosha mkono, akamshika fundi bega, akamnong'oneza kitu. Hospitali hatukufika.

Nina hasira nawe. Usije kwanza.

Mdogo wako

Jumatatu, 30 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi afya ninayo, usingizi sina.

Juzi nilisimama kanisani nikaeleza yote, nikitaka wanitenge. Wakasema amina. Wakanisifu kwamba nimeishika Sabato hata mbele ya kifo cha mama. Nikatoka, nikawasha gari mchana kweupe, nikaenda kwa fundi.

Nilimpigia magoti nikamwomba radhi. Kisha nikamwuliza mama alimnong'oneza nini. Hakutaka kusema. Nilimsihi mpaka akakubali.

"Alisema, 'Nilijua tu utakuja, mwanangu.' Nami nikamwitikia, 'Naam, mama.'"

Kaka yako