Kaburi la Baba Yako Lisingoje Marumaru

Maduhu, mwanangu wa kompyuta,

Hapa Segese siku hizi naitwa Mama Programu, na siwakatazi. Juzi mvua ilipochachamaa kule juu mtoni, mchunga ng'ombe mmoja alibonyeza namba moja kwenye simu yake ya kitochi, simu za wenye maduara ya dhahabu zote zikalia. Wachimbaji wakapanda. Maji yalikuta mashimo matupu. Walipokuja kibandani kwangu kula nikawaambia, "Mnakula kwa mama wa aliyetengeneza kengele hiyo ya simu."

"Basi leo tule bure," mmoja akasema.

"Sifa ni zangu, wali ni wa kulipia."

Wakacheka. Mimi nilienda nyuma ya kibanda nikalia.

Nakumbuka likizo ile ulivyotuonyesha kengele hiyo hiyo ikilia. Nikakuuliza, "Sasa si uwape watu?" Ukasema, "Bado, mama. Bosi anataka ramani, anataka rangi, anataka kila mtu ajisajili kwanza. Tutatoa vyote pamoja." Baba yako akaniambia, "Mwache fundi amalize." Hamkuwa mmemaliza maji yalipomkuta baba yako chini ya duara.

Baada ya matanga ulirudi Mwanza, mkaacha ramani, mkaacha na usajili, mkatoa kengele tu. Ukanipigia: "Mama, kazi iliyo tayari ikikaa bila kumfikia mtu ni upotevu. Sasa tunatoa kidogo, kile kinachofaa kwanza, tunaangalia watu wanavyokitumia, ndipo tunaongeza." Mimi wa darasa la saba sikuelewa yote, ila niliitikia kama niliyeelewa, na kesho yake niliwasimulia majirani wote.

Tangu hapo hujakanyaga hapa. Kila nikikupigia unasema utakuja ukishapata saruji, marumaru, gari na ng'ombe wa shughuli, tumjengee mzee kwa mara moja. Kaburi bado ni udongo, Maduhu. Mvua hii imelimomonyoa upande wa miguuni. Nalirudishia udongo mwenyewe, na mgongo wangu unajua.

Najua unachoogopa kukiona pale. Hata mimi nakiona, kila nikienda. Lakini nimechoka kukiona peke yangu.

Ng'wana wane, mwanangu, hayo ya kungoja mpaka vyote vitimie, wewe ndiye uliyenifundisha kuwa yanaitwa upotevu. Usilete marumaru. Panda basi uje mikono mitupu. Jembe lipo mlangoni.

Ni mimi niliyekuzaa na ninayetamba kwa ajili yako,
Mama Maduhu