Maziba Haifikake mu Kifua

Kwa mudogo yangu Melania, ku Moba,

Minye niko na miaka makumi saba na tisa. Nilifika hapa muji ikiitwa Jadotville; ile jina ilikufa, minye niko. Makapita ine, bakubwa ba kazi, balinipigia makelele, nimebazika bote. Na benzangu kumi na moya ba ku fulu, kwenye tulikuwa tunayeyusha shaba, bote balienda, nimebaki paka minye, minye tu. Naandika mwenyewe, sikuomba muntu.

Na weye, magoti inakuachaka ulale? Bwana yako angali anagombana na mbuzi ya jirani?

Siye hapa tumefungwa bila polisi. Nyuma ya kikuta yetu baliweka mashini ya kusaga majiwe, na makamio ya kubeba majiwe kutoka Kamatanda inapita mbele ya mulango. Vumbi yenye unaona haiko mubaya, ile unafagia. Mubaya ni ile unaona paka wakati jua inapita mu tundu ya bati: inasimama mu hewa, haishuke. Tunafunga madirisha, tunatundika nguo ya maji, inaingia tu. Mupapai imekuwa sawa majivu. Nyuki zangu, mizinga tatu, nilizikuta chini zimekufa. Hata kuku zinakoroma sawa bazee mu misa.

Kisha Mama Veronika, bibi yangu, akaanza kukohoa. Nikamwambia: "Tulia, minye niko na dawa." Ku fulu balikuwa banatupa kila muntu kikombe ya maziba ya ngombe, ya kusafisha vumbi mu kifua. Basi kila asubui nikamupikia maziba ya unga, nikasimama pale mpaka amalize.

"Papa, hii inanivimbisha tu tumbo."

"Kunywa! Weye ulitumika ku fulu siku ngapi?"

Ilikuwa vile miezi mingi. Kumupeleka dispansere, nilikatala. Ile ni kosa yangu, na nakuandikia juu hakuna mwengine nitaambia.

Siku moya akaanguka kwenye kufua nguo. Katekista Batisti, jirani yetu, akamupandisha ku kinga, baiskeli yake, akamusukuma mpaka dispansere. Muganga Klara akasikiliza mugongo yake, akaniuliza dawa gani nilimupa. Nikamuelezea maziba, kifua mbele.

"Papa, maziba inapita njia ya chakula, vumbi inapita njia ya pumuzi. Ile ndogo sana inashuka mpaka chini ya mapafu, inaingia mu damu, inachokesha moyo. Inakata siku za muntu."

"Minye nilikunywa maziba miaka makumi tatu, na niko mbele yako!"

"Na benzako ba ku fulu beko wapi?"

Nikabahesabu ku vidole, kumi na moya, vidole zikapunguka.

Akasema kifua ya mama inaweza kupumuzika kama anatoka mu vumbi. Kisha, mama akiwa mu chumba ingine, akasikiliza yangu. Yangu hakusema itapumuzika; akaanza kuniuliza habari ya nyuki.

Sasa kutoka nyumba mpaka ku robine ya maji napumuzika mara tatu. Kamio ya Moba itanifikisha maiti. Nyumba hakuna mwenye kuinunua. Bale ba mashini baliandika namba ku kikuta, balisema batalipa, na namba yenyewe vumbi imeifunika.

Nilitaka Mama aje kwako pekee, lakini hatake kuniacha. "Nitaenda na nani? Na koti yako tupu?" Basi nikadanganya. Nilimwambia umevunjika muguu, hauna muntu wa kukutekea maji. Pale pale akafunga mizigo, akanigombeza juu nilikawia kumwambia!

Atapanda kamio siku ya Jumatatu. Tafazali, funga kitambaa ku muguu. Tembea mubaya. Umuambie bwana yako asicheke. Na usipone mbio, Melania. Kila akisema anarudi, lia kidogo.

Salimia shemeki yangu mwenye kugombana na mbuzi, na mama mudogo mwenye kuuza mihogo, kama macho yake ingali inaona njia ya kanisa.

Najua utasema Yaya, kaka yako mukubwa, anajivuna tena, hata na ugonjwa. Uliza Muganga Klara. Uliza Batisti, alikuwa ku mulango, alisikia yote. Mama Veronika usimuulize, yeye anajua paka kifua yake, yangu hajue.

Yaya yako,
Anselmi