Fungu la Sarafu

Kaka mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Mgongo unaendeleaje, au bado unabishana na daktari? Mimi sijambo, na cherehani bado inatulisha.

Habari za mama si nzuri. Tangu atoke hospitali figo zake zinategemea dawa, na daktari alisema akizimeza dawa hizo na kula vizuri, tutakuwa naye kwa miaka. Mwanzoni alikuwa anameza, huku akilalamika kwamba ni chungu kuliko mdomo wa shangazi.

Lakini unamjua mama na karata zake za ramli. Wateja hawaji tena, basi amejifanya mteja wake mwenyewe. Kila asubuhi anazichanganya na kupanga tano juu ya mto. Unakumbuka alivyotufundisha: vikombe ni maji, yaani mambo ya moyo, fimbo ni moto, kazi na ari, panga ni hewa, fikra na maneno makali, sarafu ni udongo, na udongo ndio mwili. Wewe ulidhani sarafu ni utajiri, akakucheka mpaka ukanuna.

Sasa sarafu zikawa zinamtokea kichwa chini, ishara ya mwili unaoanguka, karibu kila siku. Ikitokea tu analia, na chakula cha siku hiyo hakigusi. Nilikuwa nashona huku nikimsikia, moyo unaniuma.

Kisha kilio kikakoma. Nilifurahi, mjinga mimi. Haukupita muda akaacha dawa, na sahani akawa anaisukuma kando kwa adabu, kama mgeni aliyeshiba. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamleta daktari nyumbani. Mwishowe akaniambia kwa upole nisijichoshe. Vikombe vinatoka, fimbo na panga zinatoka, ila sarafu haijaonekana hata moja. Alisema mwili wake umeshaondoka, amebaki moyo na mawazo tu, na hivyo havihitaji vidonge.

Kaka, sarafu nilizitoa mimi. Fungu zima nililificha chini ya vitambaa vya wateja wangu ili asiendelee kulia. Nilidhani namhurumia.

Nimemwambia ukweli na kuziweka zote mapajani mwake. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alinishika mkono, akasema karata hazina mikono, kwa hiyo safari hii ziliazima wangu. Tangu hapo ananitazama kwa huruma, kama mtu aliyetumwa kuleta habari mbaya.

Njoo, nakuomba. Kunigombeza utanigombeza baadaye, na sitajitetea. Wewe ulikuwa huamini karata hata moja, na alikupenda hivyo hivyo; huenda akakusikiliza. Daktari anasema tukichelewa, dawa hazitasaidia tena.

Msalimie wifi na uwabusu watoto, ila usiwaambie bado. Mama amekaa hapa mbele yangu naye anakusalimu sana. Anasema usihangaike na safari, maana hutamkuta.

Mimi mdogo wako.