Honi ya Shingoni

Chumba cha uani,
nyuma ya saluni.
Jumatano, 11 Juni

Mpendwa Dada yangu,

Hujambo huko uliko? Mgongo umetulia, au bado unakukamata ukiinama? Na yule bosi wako anayefoka kwa sauti ya kubembeleza, mmeelewana? Sisi huku tu wazima. Neno hilo safari hii naliandika polepole, nikilionja, maana lina habari ndani yake.

Najua umeninunia. Nimekuzoesha sauti zangu kwenye simu, ndefu mpaka unalalamika nakumalizia bando, halafu ghafla kimya. Shemeji yako akakwambia simu yangu imeharibika. Usimlaumu, nilimtuma mimi. Sikutaka ulie peke yako ugenini. Simu ilikuwa nzima, Dada. Nilipasuliwa shingo, na sauti ikaenda zake. Kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma. Umekaa? Haya.

Unaikumbuka ile video niliyokutumia, mwanao Chiriku ananyonya huku mkono mmoja uko shingoni mwangu? Watoto wengine hushika sikio la mama, wengine nywele. Wetu alikuwa na kidude chake hapo kooni, upande wa kushoto, kigumu kama punje ya hindi. Akikibonyeza, mimi nalia "Piii!" kama lori la baba yake likifika getini. Basi hucheka mpaka titi linamtoka mdomoni. Wewe mwenyewe ulinijibu, "Huyo dereva mdogo atatuua kwa kicheko." Nyumba nzima tulikijua kile kidude, tukakipa na jina, honi. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza honi imeingiaje kwenye shingo ya mtu.

Aliyeuliza ni mteja. Msusi husimama nyuma ya mtu, shingo yake nani aione? Lakini mbele kuna kioo. Kuna muuguzi mmoja huja kusuka kwangu. Nilikuwa nimemwacha na nusu kichwa ili nimalizie chai, nikamwona kwenye kioo amenikazia macho.

"Mama Chiriku, hebu meza tena."

"Chai imeisha."

"Meza mate basi."

Nikameza. "Vipi, nimechafuka?"

"Kuna kitu hapo kinapanda na kushuka."

Nikamwambia hiyo ni honi ya mtoto. Hakucheka. Alisema nimalizie kichwa chake, asije akaonekana kituko mtaani, lakini kesho yake niende hospitali. "Usipokuja nitakuja kukufumulia hizi nywele mbele ya wateja wako."

Unanijua, Dada. Shule niliishia njiani, lakini maswali sikuyaacha huko. Hospitali walinipaka shingoni yale mafuta ya baridi wanayowapaka wajawazito tumboni, nikamuuliza mpimaji, "Wa kike au wa kiume?" Alicheka kweli kweli. Halafu akaacha kucheka, akarudia palepale, akarudia tena, nikajua mzaha umefika mwisho. Wakavuta kidogo kwa sindano, wakapeleka maabara. Majibu yakaja: saratani ya tezi ya shingo.

Neno lile lilipotamkwa nikatazama viatu vya daktari. Kimoja kilikuwa na kamba nyeusi, kingine kahawia. Mpaka leo nataka kujua kwa nini.

Aliyenipasua ni mama mmoja mfupi, mikono midogo kama ya mwanafunzi. Alisema tezi yote itatoka, na nitakunywa kidonge kila asubuhi maisha yangu yote. Hilo nikalimeza. Lililonikaba ni la pili: nyuma ya tezi hupita mishipa inayoendesha sauti. Ikiumia, sauti inaweza kupotea kwa muda, au isirudi tena.

"Huo mshipa una unene gani?" nikamuuliza.

"Mwembamba."

"Kama uzi wa kusukia?"

Akafikiri. "Karibu hapo."

"Una rangi gani?"

"Mweupe. Mama, mbona unauliza kama unayekuja kunisaidia?"

"Nataka kujua unakwenda kukutana na nini humo ndani, daktari, maana mimi nitakuwa nimelala."

Nilitania, lakini roho ilikuwa mkononi. Chiriku hajui saratani. Anachojua ni sauti yangu. Akishtuka usingizini simgusi, namwita tu, analala. Nilishika simu nijirekodi nikimwita, nikaiweka chini. Nilijiona kama ninayeaga.

Nilipozinduka sauti haikuwepo. Pumzi tu, kama mlango usiofunga vizuri. Midomo nayo ikawashwawashwa kama imepitiwa na sisimizi, wakasema yale madini ya mifupa yamepungua mwilini, wakanipa dawa yake, ikatulia. Kwa ishara nikamwomba daktari anionyeshe walichokitoa. Kilishapelekwa maabara, lakini alikuwa amekipiga picha. Dada, kile nilichokiogopa hivyo ni kipande kidogo cha rangi ya maini, kina kinundu cheupe pembeni. Basi! Nilikitazama sana. Nilitegemea kitakuwa na sura mbaya.

Nyumbani Chiriku akanikimbilia. Nikafungua mdomo nimwite, kikatoka kitu cha kukwaruza, na yeye akatazama nyuma yangu kumtafuta aliyesema. Kisha akarudi kwa bibi yake. Nilijifanya nakwenda kufua.

Nilirudi saluni kidogo kidogo, bila sauti. Hapo nimejifunza jambo: msusi asiyejibu huambiwa kila kitu. Nina siri za mtaa mzima humu kifuani, sauti ikikaa sawa watahama.

Majibu ya maabara yalikuja mazuri. Walichokifuata kimetoka chote, na hawakuona kingine. Nitaendelea kupimwa, sijamaliza safari, ila njia naiona. Kuhusu sauti, daktari alisema mshipa umechubuka tu, haukukatika, ningoje. Mimi na kungoja unatujua.

Sasa sikiliza ya Jumapili. Chiriku alikuwa ananyonya, mkono ukapanda shingoni kama zamani. Akapitisha kidole kwenye kovu, huku na huku, anatafuta honi yake. Haipo kushoto. Haipo kulia. Mwisho akabonyeza katikati ya kovu na kunitazama. Niliogopa kujaribu, asije akatazama tena nyuma yangu. Akangoja. Akaachia titi, akasema mwenyewe, "Piii," taratibu, kama anayemfundisha mtu mzito wa kuelewa. Akabonyeza tena.

Nikafungua mdomo. Dada, ilitoka! Haikuwa lori. Tuseme pikipiki, na pikipiki yenyewe imelowa mvua. Lakini ilitoka, na mwanao hakutazama nyuma. Alinitazama mimi, akacheka mpaka mama mkwe akaja mbio na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Tulipiga honi mpaka shemeji yako akaomba njia.

Nina ombi. Simama mbele ya kioo, piga funda la maji, utazame shingo yako ikipanda na kushuka. Sisemi una kitu. Tumetoka tumbo moja, nataka tu kujua.

Mama mkwe anakusalimu, anasema amechoka kunisemea kwa wauza mboga. Shemeji yako anaomba radhi kwa ule uongo wa simu. Chiriku anakupigia honi. Nisalimie wenzako wote unaokaa nao.

Mungu akulinde ugenini, akutulizie mgongo, atukutanishe tukiwa na shingo zetu na vicheko vyetu. Na simu ikilia ukasikia chura upande wa pili, tafadhali usikate.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa sauti yote niliyo nayo,
Mama Chiriku