Nisaini Kwamba Delvin ni Mtoro?

Bi. Corrine mpendwa, nakuomba unisikilize mpaka mwisho kisha unikemee ukitaka, maana nyumbani nimechoka kusemwa na kazini sina wa kumwambia. Mimi ni sajenti katika kambi moja hapa Texas, nilijiunga na jeshi kwa kuwa napenda kufundisha vijana kulenga shabaha, kusoma ramani na kulindana, lakini siku hizi tangu asubuhi hadi jioni niko mbele ya kompyuta nikifukuzia nani hajamaliza somo la usalama barabarani, nani cheti chake cha kutambua barua pepe za matapeli kimeisha muda, na kapteni wetu, Brandvold, mtu mwema tu, simwoni tena uwanjani kwa sababu naye kajifungia ofisini akipaka kijani kwa waliomaliza na nyekundu kwa wasiomaliza kwenye majedwali ya kuwaonyesha wakubwa.

Sasa nina askari wangu, Delvin Etsitty, Mnavajo, kabila la wenyeji wa asili kule Arizona, mkimya, hodari, hajawahi kunisumbua. Mwezi uliopita alinijia akasema bibi yake yuko hospitali na madaktari wamekata tamaa. Bibi huyo ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, yeye akiwa bado mchanga. Nikamwombea likizo ya dharura siku ileile. Mfumo ukalirudisha ombi, eti somo lake la usalama barabarani limepitwa na wakati. Akaketi akalifanya, tukatuma tena, likarudi kwa kuwa fomu tuliyojaza ni ya zamani na mpya imetoka wiki hiyohiyo. Tukatuma tena, likarudi, na safari hii karani wa makao makuu akanieleza kwa simu kwamba bibi si mzazi, askari alete hati ya mahakama kuthibitisha kuwa ndiye aliyemlea. Nikamwambia kule kwao watu hawaendi mahakamani ili walee wajukuu zao. Akanijibu kwa upole kabisa, "Nakuelewa, Sajenti, lakini hapa pana kisanduku cha kujaza, na mimi siwezi kukiruka."

Delvin alikuwa amesimama mlangoni akisikia yote. Hakulalamika, aliniuliza tu, "Sasa nifanyeje, Sajenti?"

Nikamwambia, "Nenda. Washa gari uende sasa hivi, hayo makaratasi niachie mimi."

Alimkuta bibi yake yu hai, na bibi akamtambua, akafariki kesho yake. Delvin akabaki kuzika. Mimi huku nilidhani nitalipenyeza lile ombi, likakwama, na kila asubuhi watu wakihesabiwa nikiulizwa Etsitty yuko wapi nasema nafuatilia, nafuatilia, hadi wakamwandika mtoro. Aliporudi wakamhoji nani alimruhusu. Hajanitaja mpaka leo, na anasubiri adhabu ya kuvuliwa cheo, pengine na kufukuzwa kabisa.

Kapteni aliniita akafunga mlango. "Umebakiza kidogo tu ustaafu," akaniambia. "Andika kwamba hukujua alikokwenda, tia saini, tulimalize hili."

Mke wangu Jolene anasema nisaini, tuna watoto na nyumba haijaisha kulipiwa. Jana nilipishana na Delvin kwenye bwalo la chakula, akanisalimu kama kawaida, nami nikainamia sahani yangu. Bi. Corrine, nifanye nini?

Sajenti, Texas

Sajenti,

Pole. Nilivaa sare hiyo kabla yako na nimeona hayo makaratasi yakiota kama magugu, kila mkubwa anayekuja anaongeza lake na hakuna anayeondoa la mwenzake. Kumsumbua kijana namna hiyo huku bibi yake anakata roho ni aibu, na aibu hiyo si yako.

Ya kwako ni nyingine. Mfumo ulimnyima likizo, sawa. Lakini mfumo haukusimama asubuhi mbele ya watu ukasema "nafuatilia". Ni wewe. Siku uliyomwambia aende ulikuwa sajenti kwelikweli. Asubuhi ya pili ukawa karani kama yule wa kwenye simu, tena afadhali yeye, hakumdanganya mtu.

Usisaini. Kapteni wako anakuomba uandike uongo ambao jina lake halitaonekana humo. Usizungumze naye tena kuhusu jambo hili kabla hujamwona wakili wa utetezi hapo kambini. Hatozi kitu, mweleze yote, hata yanayokuumbua. Kisha, akikuongoza, andika ukweli: kwamba wewe ndiye uliyemruhusu, na uambatishe maombi yote yaliyorudishwa pamoja na sababu zake. Taarifa hiyo ifike kabla kijana hajaadhibiwa, si baada. Jolene usimfiche. Hofu yake ina msingi, na ana haki ya kujua mnachoweza kupoteza.

Sikudanganyi kwamba watakupongeza. Huenda ukavuliwa cheo, na yule karani akapandishwa. Jeshi letu limefika hapo, na ushauri wangu hauwezi kulirudisha nyuma.

Lakini leo hii, kabla ya wakili na kabla ya kapteni, mtafute Delvin. Usimweleze kesi wala pensheni yako. Mpe pole ya msiba. Nimeisoma barua yako yote, Sajenti, nikairudia, na sikuona mahali ulipompa.

Bi. Corrine