Ampuli za Bienfait

Jumatatu, 6 Oktoba
Umeme wa Cash Power, ule wa kulipia kabla, umeisha tena, hata wiki haijafika! Bwana yangu Bienfait eti amegundua mwizi: ampuli zetu za zamani, balbu za wati mia kila moja. Hongera! Mimi nilisema hayo tangu Pasaka. Lakini mimi sina diploma.

Jumanne, 7 Oktoba
Karudi kutoka kwa Karimu, muuza vitu vya umeme sokoni, na ampuli ya wati tatu. Tatu! Boksi inasema inaangaza sawa na ile ya mia, na Bienfait anaamini boksi kuliko Injili. Hakuomba hata ijaribiwe dukani. Tumekula kwa kupapasa. Mama yake, aliyekuja mwezi jana kutoka Kabonga kukaa nasi, akauliza kama kuna msiba. Yeye ndiye huchambua maharage kila jioni, hataki mutu aguse ungo wake. Leo kaacha mawe manne. Moja nimeling'ata mimi. Murakoze cane, asante sana, Bienfait.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimekwenda mwenyewe. Karimu ni mwongo, lakini ukimkazia macho anatii: kanichomekea ampuli zote, moja moja. Kumbe ya wati tisa, nyeupe, inakaribia kabisa ile ya mia! Nikaichukua. Sebule imekuwa nyeupe kama dispanseri, naona hata vumbi juu ya kabati. Bienfait anakuna shingo tu.
Mama mkwe je? "Mama Elda, nyumba yako iko giza." Nyumba YANGU! Na mawe sita kwenye maharage. Huyu ananitafuta.

Alhamisi, 9 Oktoba
Jiwe limevunja jino la Bienfait. Nilicheka, Mungu anisamehe.
Nikamwomba mama mkwe nichambue mimi. Kakumbatia ungo! Kasema akinyang'anywa hata hiyo kazi, atapanda gari arudi Kabonga kuishi peke yake. Bienfait akanitazama kama mimi ndiye niliyezaa giza. Ati namfukuza mama yake kwa sababu ya ampuli! Wivu mutupu. Bibi kizee hataki kukiri kwamba mke wa mwanawe kachagua vizuri.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nikaamua kummaliza. Kaka yangu Akonkwa anavua ndagala, dagaa wa ziwani, huko Magara. Wiki hii mbalamwezi kali, samaki hawafuati taa, wavuvi wamepumzika. Nikamwambia alete taa ya mutumbwi na betri yake.
Saa moja jioni kaitundika juu ya meza, akawasha. Tulifumba macho. Bienfait kajifunika kofia. Wadudu wote wa Rumonge wakaingia bila hodi. Mimi nikajipanga mbele ya mama mkwe, mikono kiunoni. Aseme giza sasa! Jibu nilikuwa nalo tayari, tamu kweli.
Uso wake ulielekea taa moja kwa moja. Hakupepesa. Vidole vikitembea ndani ya ungo, punje kwa punje.
"Akonkwa mwanangu," akasema, "hii yao ndogo tumeizoea. Washa na yako, basi."
Akonkwa kashika waya, hajui afanye nini. Bienfait kavua kofia. Mimi nimekimbilia chumbani na daftari hili, na haya imenijaa hadi masikioni. Wiki nzima nimemtukana moyoni mutu asiyeona.
Ananiita kutoka sebuleni. Sauti yake ina furaha.
"Mama Elda, njoo! Usikose, wanawasha sasa hivi."