Kufuli la Mlango Wako

Ndiyo, ni mimi niliyekufungia kwa nje, mjukuu wangu. Bibi yako hahusiki, usimnunie. Mchuzi umo sufuriani, upashe tu.

Ni kile kitabu chako cha msichana aliyetekwa. Siku ya tisa leo nakisoma, kidole kwenye mstari. Alfajiri nimefika pale mtekaji anapoingia kwa mlango ambao haukufungwa. Nikaja kukuchungulia, bado umelala. Nikataka kwenda kununua mkate, nikaona nisikuache hivihivi. Nikatia kufuli, ufunguo mfukoni. Huko njiani nikakutana na watu, mdomo wangu si unaujua. Kumbe wewe unagonga mlango, bibi yako hana ufunguo, na usaili wako wa kazi unakupita.

Nilipofungua ukasema, "Babu, mtekaji ni wewe," nikaenda kulia bafuni. Mama yako alitoka kwa mlango huohuo kwenda kununua sabuni, wewe ukiwa na miaka minne. Hajarudi. Mimi nilikuwa nimelala.

Sasa nimekwenda huko kwenye usaili wako, niwaambie kosa ni langu. Ufunguo huu hapa. Kufuli nimelitupa.

Mkate ukate. ~~Msinisubiri.~~ Nisubirini. Miaka yote tunamwekea mama yako sahani, chakula kinapoa tukitazama mlango. Leo iweke tu, mjukuu wangu, mchumba wangu, lakini mlango uache wazi, tukae sote watatu, tule kingali cha moto.

Babu yako